Mamogramu imetoka safi na bado hulali: fanya hivi

Umeenda ukapimwa matiti, ukaambiwa hakuna kitu, ukarudi nyumbani na bahasha yako, watu wakasema Mungu ni mwema, chai ikapikwa, na sasa wiki zimepita lakini kila ukilala mkono unaenda wenyewe kwa titi kutafuta kitu chenye daktari alisema hakipo. Hii ni yako. Najua wengi hamsemi, juu ukisema bado una wasiwasi unaambiwa huna shukrani, ama imani yako ni ndogo, ama unaita ugonjwa kwa mdomo, na hapo hapo unatajiwa mtu wa Ahero ambaye amemaliza mashamba kwa matibabu na angetamani ripoti kama yako.

Si wazimu na si kukosa imani. Kule Denmark watafiti walifuata wanawake ambao picha yao ya kwanza ilitiliwa shaka, wakaitwa tena, wakapimwa zaidi, wakaambiwa hakuna kansa. Matokeo yalichapishwa 2013, na ata miaka mitatu baada ya kuambiwa wako sawa, bado walikuwa wanasumbuka kimawazo kuliko wale ambao picha yao ilikuwa safi tangu mwanzo. Miaka mitatu, na wewe unajilaumu mwezi wa pili.

Vile mimi naona, shida iko hapa: ripoti inajibu swali moja tu, kwamba siku ile, kwa picha ile, hakukuonekana kitu cha kutisha. Lakini wewe moyoni unauliza swali lingine kabisa, unauliza kama hii kitu haitakupata kamwe, na hakuna mashine Kisumu wala Nairobi wala India inajibu hiyo. Sasa ukiendelea kutafuta jibu la hilo swali la pili utapapasa, utagoogle, utauliza watu, utalipa vipimo, na kila mara utapata nafuu ya siku moja halafu inarudi. Kwa hivyo kazi ni mbili. Yale maswali yenye yana jibu, yamalize mara moja, kwa karatasi. Yale hayana, acha kuyalisha.

Anza na hiyo bahasha

Itoe, uisome. Wengi hatusomi, juu imeandikwa Kizungu cha hospitali na mtu wa dirishani amekupatia tu akasema mpelekee daktari, next. Kuna mama mmoja wa chama chetu hapa Nyamasaria alikuja nayo kwa mkutano imekunjwa mara nne, imewekwa ndani ya ile plastiki ya kitambulisho, akaniita kando nyuma ya tangi akaniuliza, "Sasa nyanya wa watoto atalea peke yake ama?" Nikamwambia mamangu hebu nione. Imeandikwa BI-RADS 2. Yeye alikuwa amesoma hiyo 2 akadhani ni kansa ya hatua ya pili. Wiki kadhaa amekaa nayo, hakula vizuri, hakumwambia mzee, ashaanza kuwaonyesha watoto karatasi za shamba ziko wapi.

Hizo namba si hatua za kansa, shikeni hiyo. Ni vile msomaji wa picha anapanga alichoona. 0 inamaanisha picha haijatosha, waongeze nyingine ama altrasaundi, si kwamba wameona kansa. 1 ni hakuna kitu kabisa. 2 ni kuna kitu lakini kinajulikana si kansa, kama kifuko cha maji ama chembe za chokaa za kawaida, na kwa upande wa kansa 2 ni nzuri sawa na 1. 3 ni karibu hakika si kansa, uwezekano hauzidi 2 kwa mia, ndio maana wanakuambia rudi baada ya miezi sita tuangalie kama imekaa vile vile. 4 na 5 ndio wanataka kutoa kinyama wakipime, na ata hiyo 4 wengi hutoka bila kansa. 6 ni mtu ambaye tayari kipimo cha kinyama kimethibitisha.

Kama yako ni 1 au 2, hiyo ndio safi. Kama ni 3, wasiwasi wako una tarehe, miezi sita, na hiyo tarehe usiiruke.

Halafu tafuta herufi, A mpaka D. Hiyo ni vile titi lako limejaa tishu ukilinganisha na mafuta. C na D ni matiti yaliyoshikana, na karibu nusu ya wanawake wa zaidi ya miaka 40 wako hapo, kwa hivyo si ugonjwa. Shida yake ni moja tu, kwamba tishu hutokea nyeupe kwa picha na uvimbe pia hutokea nyeupe, kwa hivyo ni rahisi kitu kujificha. Ukiwa C au D uliza kama unahitaji altrasaundi juu yake. Swali moja, jibu moja, limeisha.

Rudi kwa daktari mara moja, na maswali yameandikwa

Ukienda bila kuandika utasahau yote, yule daktari ana foleni mpaka nje na wewe moyo unapiga, utajikuta umesema asante daktari umetoka. Kwa hivyo andika kwa simu ama kwa kijikaratasi, mkabidhi ama umsomee. Namba yangu ni ngapi na inamaanisha nini kwangu. Matiti yangu yameshikana ama la. Hapa penye mimi huhisi kitu (na umuonyeshe kwa kidole, usione haya) palipigwa picha ama altrasaundi? Nirudi lini, mwezi na mwaka. Na nini kitanifanya nirudi kabla ya hiyo tarehe.

Hilo swali la penye kidole chako kiko ndilo muhimu kuliko yote, nitalirudia mbele.

Kama kwa ukoo wenu kuna mtu, sema siku hiyo hiyo: mama, dada, shangazi, alikuwa na umri gani, ilikuwa titi ama ovari. Upande wa baba pia unahesabika, watu wengi hudhani ni wa mama pekee. Kansa za matiti za kurithi ni kama 5 mpaka 10 kwa mia tu, na wengi wanaopata hawana mtu yeyote kwao, lakini kama waliopata ni wawili watatu upande mmoja ama mmoja alipata akiwa bado kijana, daktari anaweza kukupangia vipimo tofauti na vya mwenzako. Hiyo tena ni jambo lenye jibu, limalize.

Ukiwa Kisumu na huna daktari wako wa kudumu, unaweza kupeleka ripoti yako kliniki za hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee bado wanaita Russia. Watu wa Nakuru mna ya kwenu ya rufaa. Usipeleke ripoti kwa kemia ya mtaa kutafsiriwa, yule anauza Panadol.

Hesabu ambayo watu husoma vibaya

Utaipata mahali imeandikwa kwamba mamogramu hukosa kansa moja kati ya 8, na hapo utafunga simu jasho likikutoka. Ni kweli. Lakini isome pole pole: ni moja kati ya kila kansa 8 zilizopo, haijasema mmoja kati ya kila wanawake 8 walioambiwa wako safi. Tofauti ni kubwa sana.

Ichukue hivi. Wanawake 1000 wasio na dalili yoyote wakipigwa mamogramu, kwa takwimu za Marekani, kama 100 wataitwa tena, na wenye kansa kati yao ni kama 5. Wanaoambiwa wako sawa na kumbe kansa imepitwa, ikajitokeza ndani ya mwaka, ni chini ya mmoja kwa hao 1000. Kwa hivyo wewe mwenye bahasha safi na huna dalili umesimama na hao mia tisa na kitu. Si sifuri. Mtu akikuambia ni sifuri anakudanganya, na hiyo ndio sababu maneno ya "wewe uko sawa tu wacha kufikiria" hayashiki, juu akili yako inajua si sifuri. Lakini ni kidogo kuliko hatari nyingi unazokubali kila siku bila kuziwaza, kuanzia kwa boda ya kutoka Kondele bila helmeti.

Mlango mmoja ubaki wazi

Hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Ripoti safi haifungi mdomo wa donge. Ukisikia uvimbe mpya, hata kama karatasi ni ya wiki iliyopita, rudi ukapimwe pale pale penye uvimbe, uanze na altrasaundi, na daktari aushike kwa mkono wake. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu eti picha ya juzi ilikuwa safi.

Vitu vya kukurudisha ni hivi: donge jipya ama sehemu imekuwa nene, kwa titi ama kwapani. Ngozi kuvutwa ndani ama kuingia vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa imetoka sasa imeingia. Majimaji yanayotoka yenyewe bila kukamuliwa kwa chuchu moja, hasa ya damu ama yasiyo na rangi kama maji. Upele wa magamba kwa chuchu usiopona. Wekundu na joto ambao dawa haijaondoa. Titi moja kubadilika ukubwa ama umbo ghafla.

Iandike hiyo orodha uibandike ndani ya mlango wa kabati. Kazi yake ni kukupa ruhusa mara mbili: kikitokea kimoja unaenda bila kujiuliza kama unasumbua watu, na kisipotokea hauendi.

Utaona sijaweka maumivu hapo juu. Maumivu peke yake mara chache sana huwa kansa, na ndiyo yanaleta watu wengi wakilia. Yale ya matiti yote mawili, mazito, yanapanda mpaka kwapani siku kadhaa kabla ya hedhi kisha yanaisha damu ikianza, hayo ni homoni. Yale ya sehemu moja, yanachoma, mara nyingi ata si ya titi, ni ya mbavu na misuli iliyo chini. Jipime hivi: kama ni titi la kulia linauma, lala kwa ubavu wa kushoto, titi liteleze upande wa katikati, kisha bonyeza mbavu zenyewe mahali palipokuwa panauma. Kama uchungu ni ule ule na titi limeshaondoka hapo, ni mbavu. Sasa jiulize wiki hii ulifanya nini. Ulifua blanketi kwa mkono? Ulisonga ugali ya matanga kwa ile sufuria ya watu mia? Ulibeba mtungi upande mmoja kutoka kwa tangi la jirani? Hapo ndio uchungu umetoka. Ukikaa wiki kadhaa na hautoki, nenda uulize, ni sawa. (Uchungu wa kubana kifua chote na kukosa pumzi ni kitu kingine, hiyo ni hospitali mara moja, wacha kusoma.)

Mkono

Sasa tuje kwa tabia zinazolisha hofu, na hii ndio mama yao.

Titi ukilibonyeza mara kumi kwa siku litauma, na likiuma utalibonyeza kuona mbona linauma. Nimeona mtu amejibonyeza mpaka ngozi imebadilika rangi, halafu ile alama ikawa ndio dalili mpya. Tena ukitafuta kitu kwa titi lazima utakipata, juu titi halikuumbwa laini kote: kuna tishu nyingi upande wa juu karibu na kwapa, kuna ule mstari mgumu chini penye sidiria inakaa, kuna mbavu. Ukiwa na hofu vidole havitofautishi.

Watu watakuambia ni lazima ujichunguze kwa mpangilio kila mwezi la sivyo utakufa. Kulikuwa na utafiti mkubwa sana Shanghai, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo, nusu wakafundishwa kujichunguza vizuri kabisa na kukumbushwa, nusu hawakufundishwa. Matokeo yakachapishwa 2002: vifo vya kansa ya matiti vilikuwa sawa pande zote, isipokuwa waliofundishwa walifanyiwa vipimo vingi zaidi vya vinyama ambavyo havikuwa kansa. Haimaanishi usijue mwili wako. Wanawake wengi huku kwetu hugundua uvimbe wenyewe, wakioga, wakivaa, na kwa vile mamogramu hazipo kila kijiji ni vizuri kujua kawaida yako iko vipi ndio ukiona badiliko ujue. Lakini kujua kawaida yako na kupekua usiku kucha ni vitu viwili.

Kwa hivyo weka sheria: mara moja kwa mwezi, kama siku ya 7 mpaka ya 10 tangu hedhi ianze, wakati matiti hayajavimba. Kama hedhi imeshakoma chagua tarehe, sema tarehe ya mkutano wa chama. Fanya ukioga, dakika chache, kwa kiganja na vidole vilivyolala, angalia pia kwa kioo mikono ikiwa juu. Ukimaliza umemaliza mpaka mwezi ujao. Mkono ukianza kupanda siku ingine mpe kazi, shika kikombe, chambua mboga, suka. Siku za kwanza utasikia kama unawashwa usipogusa, hofu itapanda kabisa, ivumilie, huwa inapanda ikifika mahali inashuka yenyewe hata bila kugusa. Hiyo kushuka yenyewe ndio akili yako inahitaji kuona. Ukigusa unainyima nafasi.

Simu, na watu

Simu ni mkono wa pili. Ukitafuta dalili saa nane usiku hutapata mtu ameandika "niliambiwa niko sawa na nikawa sawa kweli", huyo ameenda kulala. Utapata yule mmoja ambaye ilipitwa. Na ukishaangalia video moja ya kansa, TikTok inakuletea zingine 20. Bonyeza pale pa kusema haupendezwi nazo, zitapungua. Yale ya WhatsApp kwamba roloni ya kwapa inaleta kansa, ama sidiria yenye waya, ama kuweka simu na pesa ndani ya sidiria vile sisi wote wa Kibuye hufanya: hakuna ushahidi wa hayo yote. Wanaouza dawa ya kusafisha matiti pale stendi nao usiwape ata bob.

Kama lazima usome, soma mchana, mahali pamoja panapojulikana, kisha funga.

Watu ni wagumu zaidi juu wanakupenda. Unamuuliza mzee, "unadhani niko sawa?" anasema uko sawa, unalala, kesho unauliza tena, wiki ya tatu amechoka anajibu bila kukuangalia na sasa mmekosana juu ya kitu ambacho hakipo. Kuuliza hivyo ni kujipapasa kwa kutumia mdomo wa mtu mwingine. Mwambie mapema, siku mmekaa vizuri: "Baba Achieng, mimi nikikuuliza kama niko sawa usinijibu, niulize tu kama leo imekuwa ngumu, nikuambie, halafu tuongee mambo mengine." Inasikika ngeni lakini wanaume hupenda wakipewa kazi inayoeleweka.

Kwa wale wa matanga, wale wa "ata yule wa Katito aliambiwa hivyo hivyo", huhitaji kubishana. Pole yake, unasema, unauliza watoto wake wako wapi siku hizi, umetoka. Na kanisani, maombi ni mazuri, mimi naomba, lakini mtu asikuambie kwamba kwa vile umeombewa usirudi kwa kipimo cha mwaka ujao.

Saa ya wasiwasi

Hii washauri wa kisaikolojia hufundisha sana na ni bure. Chagua dakika 15 kwa siku, sema saa kumi na moja jioni kabla ya kupika, isiwe karibu na kulala. Kaa na kitabu cha watoto kilichobaki kurasa, andika kila kitu unaogopa, kama kilivyo, nitakufa, nani atalipa fees, bwana ataoa. Dakika 15 zikiisha funga kitabu. Wazo likija saa nne asubuhi ukiwa kazini hulifukuzi, unaliambia sawa, saa kumi na moja. Kulifukuza hakufanyi kazi, linarudi na nguvu. Kuliahirisha ndio linachoka. Baada ya muda utafika hiyo saa kumi na moja ukose cha kuandika na uandike tu kuhusu nyanya zilizooza.

Usiku ukiamka na moyo unakimbia, usipambane kitandani. Keti, toa pumzi nje pole pole, ndefu kuliko ile ya kuingiza, fanya hivyo dakika chache. Ukikaa kama dakika 20 hujalala toka kitandani, kaa kwa kiti taa ndogo, kunja nguo, rudi ukisikia usingizi. Simu iache chumba kingine. Na chai ya saa tatu usiku, jameni, hiyo chai ya rangi kali tunayopenda, isogeze mchana.

Kuhusu kuongeza kipimo kingine "ndio nihakikishe tu": kabla hujalipa muulize daktari kwamba hiki kipimo kikitoka safi ama kikitoka kibaya, utabadilisha nini kwa mpango wangu? Kama hakuna kitu kitabadilika, weka hiyo pesa. Mionzi ya mamogramu moja ni kidogo, kama ile mtu hupata kwa wiki saba hivi ya kuishi tu duniani, kwa hivyo siogopi sana mionzi, naogopa ule mzunguko. Kila kipimo cha ziada kina nafasi ya kuonyesha kakitu kadogo kasicho na maana ambako kitakurudisha kwa sindano na wiki zingine za kungoja.

Ikizidi, tafuta mtu wa kazi hiyo

Kama wiki mbili na zaidi hulali, huli, huwezi kazi, ama umeshazunguka hospitali tatu na majibu ni yale yale na bado, ama unapata yale mashambulio ya ghafla ya kutetemeka na kukosa hewa, hiyo si ya kuvumilia. Ni wasiwasi umekuwa ugonjwa wake wenyewe na unatibika, mara nyingi kwa mazungumzo tu na mtu aliyesomea, kikao kwa kikao. Uliza kliniki ya afya ya akili kwa hospitali ya kaunti, usiogope jina, wengi wanaokaa pale kwa benchi ni watu kama wewe. Red Cross ya Kenya wana laini ya bure ya ushauri, 1199. Na ukifika mahali pa kuona heri usiwepo, piga siku hiyo hiyo, na mwambie mtu wa karibu asikuache peke yako.

Mwaka ujao

Kuna wasiwasi wa aina ya pili ambao haupigi kelele: mtu anasema mimi sirudi kule tena, kule kungoja kuliniua. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2024, wa zaidi ya wanawake milioni moja, ulionyesha kwamba waliopewa majibu safi mara moja 77 kwa mia walirudi kwa kipimo kilichofuata, lakini wale walioambiwa kwanza warudi baada ya miezi sita, ambao pia hawakuwa na kansa, walirudi 61 tu. Mmoja wa Nakuru, wa Free Area, aliniambia waziwazi yeye afadhali asijue. Namuelewa. Lakini kansa ya matiti ndio inaongoza kati ya kansa za wanawake Kenya, na wengi wetu hufika hospitali imeshaenda mbali, kwa hivyo hiyo "afadhali nisijue" ni ghali.

Fanya iwe rahisi kwako. Tarehe uliyopewa na daktari iweke kwa simu leo na usiifungue tena mpaka ifike. Omba picha zako zenyewe kwa CD, si ripoti pekee, juu mwaka ujao wakiwa na za zamani za kulinganisha hawatakuita tena ovyo kwa kitu ambacho kimekuwa hapo miaka yote. Panga iwe wiki baada ya hedhi, kubanwa hakutauma sana. Piga simu kabla hujatoka uulize kama mashine inafanya kazi na kama msomaji wa picha yuko siku hiyo, majibu yachukue siku ngapi, na kama SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa ama utoe mfukoni. Nenda na mtu, lakini chagua asiyeongea sana. Vaa blauzi na sketi, si gauni, utavua juu pekee. Na asubuhi hiyo usipake roloni, poda wala mafuta kwapani na kifuani, chembe zake huonekana kwa picha kama vidoa vyeupe na utaitwa tena bure.